Taa ya Marehemu Kornel

Kila jua lilipozama nyuma ya migomba, Bernadetha alimwashia mumewe taa, kisha akaingia ndani kukaa gizani.

Swichi ilikuwa barazani, kando ya mlango. Akiibonyeza tu, mwanga mweupe ulilipuka juu ya kaburi la vigae, ukapanda migomba, ukavuka mfereji na kuteremka hadi kwenye njia ya kwa Gladness, jirani wa upande wa chini. Watu waliopandisha Marangu kutoka sokoni Himo walisema kwamba ukifika konani ukaiona taa ya Kornel, hata miguu inapata nguvu. Hawakujua kuwa ndani ya nyumba ile ile mjane alikuwa akipapasa kibiriti, anawasha kibatari kwa muda wa kula tu, kisha anakipuliza, maana mafuta ya taa nayo hayachotwi mferejini.

Taa ilikuwa wazo la Thadeus, mwanawe wa kwanza. Aliileta kutoka Dar es Salaam siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha baba yake, taa ya kioo kinene, ya aina inayofungwa kwenye maghala ili wezi wakose pa kujificha. Padri alibariki kaburi, pombe ya mbege ikazunguka, ukoo ukapiga vigelegele taa ilipowaka. Mzee mmoja alisema sasa Kornel anaweza hata kusoma gazeti huko aliko, watu wakacheka. Hakuna aliyeuliza gazeti hilo litalipiwa na nani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Thadeus alilipa. Kila mwezi alituma fedha kwa dereva wa basi, mpaka kiwanda alichofanyia kazi kilipouzwa na wenyewe wapya wakamwondoa kama mgomba uliokwisha kuzaa. Mwaka huo huo wa 2001 bei ya kahawa ilianguka hata watu wakaona aibu kuipeleka chama cha ushirika. Bernadetha akabaki na ng'ombe mmoja wa maziwa, na ankara ya umeme iliyokuwa ikinona kuliko ng'ombe mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alikuja Shedrack, fundi wa ofisi ya umeme, mtu wa makamo mwenye ngazi begani na koleo mfukoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu maziwa."

"Ahsante, Mama, lakini leo sikuja kwa heri." Aliegemeza ngazi ukutani, akakunjua karatasi. "Miezi mitano hujalipa. Nimeagizwa nikate."

"Mbona ankara ni kubwa hivyo? Mimi naishi peke yangu."

"Hata mimi nimejiuliza. Una friji?"

"Ya kuweka nini?"

"Pasi? Jiko la umeme?"

"Jiko langu ni mafiga matatu, ingia uone."

"Taa je?"

"Za ndani ni mbili. Nazo siziwashi."

Shedrack aligeuza shingo polepole. Katikati ya migomba, juu ya bomba la chuma, ile taa ilikuwa imeinamia kaburi.

"Na ile?"

"Ile ni ya marehemu."

Fundi alivua kofia. Alitafuta maneno ambayo ofisini hawakumfundisha. "Mama, nisamehe kwa nitakalosema. Anayetumia umeme wa nyumba hii ni marehemu. Ile moja inakula kuliko taa kumi za ndani, na inakesha. Izime mwezi mmoja tu, utaona."

"Haizimwi."

"Basi nitarudi Jumatatu saa nne. Nikichelewesha zaidi ya hapo, watanikata mimi."

Alipoondoka, Bernadetha alituma salamu kwa Yakobo, mnunuzi wa ng'ombe wa Himo. Yakobo akajibu kwamba atakuja Jumapili baada ya misa, na kamba yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na Bernadetha alikijua fika kilichokuwa kikimla. Lililomshinda ni kuivua nguo.

Yapo mambo ambayo mtu hamwambii hata padri. Kornel alipopigwa na kiharusi, ulimi wake ulikufa na upande mmoja wa mwili ukafa nao. Kitanda chake kiliwekwa kwenye kona ya kuta mbili za mbao. Nyuma ya ukuta mmoja alilala Bernadetha, nyuma ya wa pili alilala Stella, binti yao, aliyekuja wiki ile ya mwisho kumsaidia mama yake kumgeuza mgonjwa. Mkono mmoja wa Kornel ulikuwa bado hai, na mkononi alishika kikombe cha bati. Akitaka maji aligonga ukuta. Akitaka kugeuzwa aligonga. Akizimiwa taa aligonga mpaka iwashwe, maana katika ugonjwa ule mtu aliyewahi kupanda mlima na mizigo ya Wazungu alirudi kuogopa giza.

Siku ya mwisho ankara ilikuwa imekuja, ndogo tu ukilinganisha na hizi za sasa. Lakini Bernadetha alikuwa amechoka, na uchovu una ubahili wake. Alizima taa ya mgonjwa. "Lala, Kornel," alimwambia. "Umeme unatumaliza." Akaenda kulala. Kikombe kiligonga mara tatu. Bernadetha alisikia zote tatu, akazihesabu, akageukia upande wa pili na kujifunika shuka hadi masikioni. Hakukisikia tena. Asubuhi alimkuta amepoa, macho wazi, kikombe kimeangukia chini. Msibani aliwaambia watu kwamba marehemu alikwenda usingizini, wakasema hicho ni kifo cha wenye haki.

Siri ya mtungi aijuaye kata, naye alijua kata ni yeye peke yake. Kwa Wachagga, mkosaji akileta sale, lile jani refu la mpakani, aliyekosewa hana budi kusamehe. Bernadetha alipanda masale kichwani na miguuni pa kaburi. Lakini jani hupokewa kwa mkono, na mkono wa Kornel ulikuwa chini ya vigae vya Thadeus. Kwa hiyo taa ilipoletwa, wengine waliona heshima, yeye aliona pa kulipia. Aliiwasha kila jioni kwa woga ule ule wa mtu anayepeleka riba.

Mara moja tu, wakati wa Kwaresima, alijaribu kutoiwasha. Hakuwa amemaliza hata sahani ya mtori aliposikia ukuta ukigongwa. Mara tatu. Alitoka mbio, akabonyeza swichi, akabaki barazani usiku kucha. Kulipokucha alikagua ukuta wa upande wa zizi, akaona pembe ya ng'ombe imechubua ubao mahali pale pale. Aliutazama mchubuko ule kwa muda mrefu. Akili yake iliridhika, lakini jioni mkono wake haukuthubutu.

Jumamosi alasiri alifika Stella. Alikuwa akiuza mchele wa Chekereni pale Himo, na habari za ng'ombe alizipata kwa Gladness, aliyekwenda kununua chumvi akarudi ameacha uvumi. Stella alikuwa mtoto mwema wa mchana. Tangu baba yake azikwe, alikuja na sukari, akafagia, akakata majani ya ng'ombe, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kushuka. Biashara haina mlinzi, ndivyo alivyosema siku zote. Mama yake alikuwa ameacha kumwandalia kitanda.

"Mama, ni kweli unamuuza ng'ombe?"

"Ni ng'ombe tu."

"Ng'ombe tu! Utakula nini? Utauza nini? Kahawa ile ambayo hata kuku hawaiangalii?" Aliichukua ankara iliyokuwa imebanwa chini ya bakuli, akaisoma akiwa amesimama. Midomo yake ilicheza bila sauti. "Hii ni taa ya Baba. Mama, hii yote ni taa ya Baba!"

"Kaka yako ndiye aliyeifunga."

"Thadeus hana kazi. Nitampigia simu kwa jirani yake, atasema zima, hata leo. Hakuna atakayekulaumu."

"Sikusema nalaumiwa."

"Sasa ni nini?"

Bernadetha alichukua panga akaenda kukata mkungu, akarudi, akamenya ndizi, akakoka moto. Stella alimfuata nyuma kila alikokwenda, ankara mkononi, akisema na mgongo wa mama yake. Alisema juu ya ng'ombe mwenye mimba. Alisema juu ya mvua za vuli, paa linalovuja, kikohozi ambacho hakijapona. Aliposhusha pumzi, jua lilikuwa limekwisha kuingia, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili Stella alikuwa bado yuko kwao. Alitazama njia, akatazama kilele ambacho theluji yake ilikuwa ikipoteza wekundu wa jioni, akajikunyata.

Bernadetha alisimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaelekea barazani. Stella alimtangulia, akasimama mbele ya swichi.

"Usiwashe."

"Nipishe, Stella."

"Leo tu. Siku moja. Aliyekufa haogopi giza, Mama!"

Bernadetha alimsukuma. Hakuwahi kumsukuma mtoto huyu hata alipokuwa mdogo na mtukutu, lakini alimsukuma, akabonyeza, na kaburi likaruka kutoka gizani, vigae, msalaba, masale na jina. Mwanga uliwapiga wote wawili usoni.

"Huyu aliogopa," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Huyu aliliogopa giza, nami nikamzimia."

"Nini?"

"Usiku ule. Nilimzimia taa kwa sababu ya bili. Akagonga. Nikamsikia, Stella. Sikuwa nimelala, nilimsikia vizuri. Mara tatu. Nikasema moyoni, atazoea. Nikajifunika." Alishika nguzo ya baraza. "Basi akafa huko, peke yake, anatafuta uso wa mtu haoni. Sasa chukua karatasi yako, unipe hesabu. Niambie ng'ombe mmoja anatosha au hatoshi."

Stella alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza bila kujua ameketi lini. Karatasi ilikuwa imemponyoka. Mama yake alingoja kelele, au kilio, au kile alichokiogopa zaidi, huruma. Zizini ng'ombe alitafuna.

"Aligonga kwako mara tatu," Stella alisema hatimaye. "Halafu akagonga kwangu."

Bernadetha aligeuka.

"Mara moja tu. Polepole. Kikombe kilikuwa kama kinateleza ukutani." Stella aliyatazama magoti yake. "Nilikuwa macho, Mama. Nilisikia zako, na nikasikia yangu. Nikasema, Mama yupo. Mama ataamka."

Wala hakulia. Aliyasema maneno hayo kama mtu anayetua mzigo chini kwa uangalifu asije akavunja kilichomo. Bernadetha alimwangalia binti yake mwenye miaka thelathini na mbili, anayekimbia kila machweo kana kwamba anafukuzwa, na kwa miaka miwili yeye alidhani ni mchele. Alimwonea uchungu hata ule wake mwenyewe ukasogea kando. Alitaka kusema, wewe ulikuwa mtoto, lakini hakuwa mtoto. Alitaka kusema, kosa ni langu, lakini aliona kwamba kusema hivyo ni kumnyang'anya kosa lake. Akaketi kando yake kwenye ngazi, mabega yao yakagusana, na wote wawili wakalitazama kaburi lile lililong'aa hadi kuumiza macho. Hapakuwa na popote pa kuficha sura.

"Ulikuwa unaniogopa?" Bernadetha aliuliza.

"Nilikuwa naogopa utaniuliza."

"Na mimi niliogopa utajua."

Wadudu walikuwa wakijigonga kwenye kioo cha taa na kuanguka juu ya vigae, mmoja baada ya mwingine. Bernadetha aliwatazama mpaka macho yakamwuma. Kisha akamwegemea mwanawe begani ili apate kusimama, akaenda mlangoni kwa miguu yake mizito, akaweka kidole kwenye swichi. Alikiacha hapo kwa muda. Stella hakumwambia washa wala zima.

Alizima.

Giza liliingia lote kwa mpigo mmoja katika kihamba, shamba lao la nyumbani. Kwanza hawakuona kitu, baadaye wakaona migomba, baadaye nyota. Bernadetha alisikiliza. Mwili wake wote ulikuwa sikio. Alisikia mfereji, akasikia pumzi za Stella, akasikia moyo wake mwenyewe, na hakujua kama anachongoja ni sauti au ni kutokuwepo kwake.

Sauti iliyokuja ilitoka chini, njiani.

"Mama Thadeus!" Alikuwa Gladness, na nyuma yake minong'ono ya watu waliosimama ghafla na mizigo yao kichwani. "Mama Thadeus, kuna nini huko? Wamekata umeme?"

Bernadetha alisogea hadi ukingo wa uwanja. "Hawajakata."

"Taa imeungua?"

"Haijaungua."

"Sasa mbona kwa Kornel ni giza? Nani kaizima?"

Stella alimsogelea mama yake, akamshika mkono. Huko njiani watu walikuwa wakingoja, na nyuma ya nyumba, au pengine zizini tu, kitu kiligusa ubao.

"Ni mimi," Bernadetha alijibu, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya mfereji. "Nimeizima mimi."