Yai la Bosi

Kinyozi hakuogopa wembe, aliogopa yai. Utotoni alionjeshwa kipande tu, midomo ikafura, akakimbizwa hospitali mgongoni kwa mama. Tangu hapo yeye na yai ni paka na panya. Leo ilikuwa zamu ya mwanawe kuonja, huyu waliyembandika jina la Bosi kwa kuamrisha kwa vilio. Na mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Muuguzi nilimweleza habari zako zote, akasema tumpe," mkewe alisisitiza. "Limechemka hadi kiini kimekuwa kigumu. Liponde kwenye uji, umpe ncha ya kijiko tu, halafu umtazame. Akivimba, mbio zahanati. Mimi nafua hapo uani."

Kinyozi aliponda, akapuliza, akaonja kama uji umepoa, ndipo akampa Bosi. Bosi akameza, akaachama kudai mwingine.

Basi akamkodolea macho. Shavu lile ni jekundu, au ni joto la jiko? Chafya ile ni dalili, au vumbi? Bosi akakunja uso, kinyozi moyo ukamruka. Kumbe mwenzake alikuwa anajisaidia. Ulezi una mambo! Hofu ilimpanda mpaka yeye mwenyewe akaanza kuwashwa kooni, ulimi ukawa mzito. Akajikemea kimoyomoyo: mwanamume mzima, woga gani huu wa kuwasha?

"Mama Bothi!" aliita. "Njoo umwone mtoto, thijui kama yuko thawa!"

Mkewe akaja mbio, povu likimchuruzika viwikoni. Akamtazama mtoto. Akamtazama mumewe. Macho yakamtoka pima.

"Baba Bosi, mdomo wako!"

"Mdomo wangu umefanyaje?"

"Uliuonja ule uji?"

"Nilikuwa napima joto tu..." Akakitazama kijiko. Uji alikuwa akiuonja kila siku kabla ya kumlisha, na mkono haukukumbuka kwamba leo uji una yai.

Zahanati ilikuwa nyumba ya tatu. Muuguzi alinyoosha mikono kumpokea Bosi, mama akamkwepesha mtoto na kumsukuma kinyozi mbele. Muuguzi alibaki ameduwaa, sindano ikabidi itafutwe ya mtu mzima.

"Mtoto hana neno," alisema baadaye. "Wewe kaa hapo, bado unatazamwa."

Kinyozi akakaa, mdomo kama andazi. Bosi, mapajani kwa mama, akamkodolea macho bila kupepesa.