Jiwe Chini ya Stendi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Idunda, juu ya pikipiki ya ofisi. Nimefika kuchanja kuku wa Mama Kindole, na siwezi kushuka.

Si ajabu hiyo. Hata nikiwa macho huwa siwezi kushuka. Mimi ni mtaalamu wa mifugo wa kata, watu wananiita Dokta, na siku Mungu alipogawa urefu mimi nilikuwa nimetumwa dukani. Ofisi nayo, kwa busara zake, ikanipa pikipiki ya porini, ile ya tairi zenye meno na kiti kilichoinuliwa juu ili mawe yapite chini. Mawe yanapita vizuri. Miguu yangu ndiyo haifiki. Kupanda napandia kwenye ngazi za nyumba za watu, kushuka nashukia kwenye tuta, na kati ya ngazi na tuta naendesha nikiomba nisikutane na ng'ombe barabarani.

Lakini kero yenyewe hasa ni stendi. Pikipiki nzima inategemea chuma kimoja chembamba ubavuni, chenye unyayo wa ukubwa wa kisoda. Aliyekibuni alikuwa amesimama kwenye sakafu. Huku kwetu Kilolo mvua ikinyesha, unyayo ule unazama topeni polepole, kwa adabu, na pikipiki inaufuata. Ukiiacha tupu, inalala mno kushoto. Ukiipakia boksi la chanjo na begi, shokapu zinabonyea, stendi inageuka kuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki inasimama wima kabisa, na mbuzi akikohoa inaangukia kulia, upande ambao hauna stendi.

Watu wa Idunda wanalijua hilo. Nikifika tu wanaacha majembe. Wanaitazama stendi. Nami nimeapa tangu nilipohamia kata hii kwamba itaanguka popote, lakini si mbele ya macho yao. Mwanamke aliyekuja na pikipiki ndefu kuliko yeye, akianguka mara moja tu, habari hiyo itasimuliwa hadi kwenye matanga yake.

Sasa, katika ndoto, kichuguu kinajisogeza karibu. Nakikanyaga, nashuka, naiegemeza pikipiki kwake. Nakishukuru. Kinasema si neno.

Halafu natafuta jiwe. Mwenye pikipiki kama yangu hutembea akitazama chini, na akiona jiwe bapa moyo unamdunda. Naliona moja pembeni ya kinyungu, yaani yale mashamba ya bondeni yasiyokauka kiangazi. Ni bapa, pana, limezama nusu kwenye nyasi. Naling'oa, naliweka chini ya stendi. Pikipiki inatulia kama mtu aliyeshiba.

Nachanja kuku, kila mmoja tone moja jichoni dhidi ya ugonjwa wa kideri. Nikimaliza, hakuna kilichoanguka. Wanaume waliokuwa wakitazama wanarudi kwenye majembe yao wamenuna.

Jiwe zuri haliachwi. Nalitia kwenye begi, kichuguu kinanipandisha, naondoka.

Navuka daraja, na papo hapo niko ofisi ya kata. Natandika jiwe uwanjani, nashusha stendi juu yake, naruka chini. Stendi inakohoa.

"Dokta," inasema, "lawama za kuanguka sizitaki tena. Kazi yangu mimi ni kuegemea. Kusimamisha ni kazi ya ardhi."

"Ardhi ina tope," nasema.

"Hilo mwambie ardhi. Mimi nina mguu mmoja na ninabeba pikipiki, boksi na begi lako. Wewe una miwili, na ukipanga foleni zahanati unaegemea ukuta."

Ni kweli, huwa naegemea. Ndipo jiwe nalo linaposema kutoka chini, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini:

"Na mimi niliyewabeba wote, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani."

"Wewe ni nani?"

"Mpaka."

"Mpaka wa nini?"

"Wa Mzee Ngogo na Mama Kindole. Nilipo mimi ndipo Ngogo anapoishia na Kindole anapoanzia. Sijawahi kukosea."

Nageuka. Nyuma yangu, kuanzia kwenye jiwe mpaka mwisho wa macho, ni mahindi. Barabara niliyoijia ni mahindi. Daraja ni mahindi. Mzee Ngogo anatoka katikati yake, jembe begani, amevaa koti lake la kanisani.

"Kamwene, Dokta."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu kwangu." Anaitazama ofisi ya kata kwa haya, kama mgeni aliyepakuliwa nyama nyingi kupita wenyeji. "Usinifikirie vibaya. Shamba sikulisukuma mimi. Nilikuwa nakula ugali, nikaona linaondoka, nikalifuata."

"Nitalirudisha jiwe sasa hivi, mzee."

"Haraka ya nini? Umechoka." Anasogea, ananong'ona. "Kwenu si Tukuyu? Nenda ukawasalimie wazazi. Jiwe usilisahau. Na ukipata safari ya mbele zaidi, majirani usiwafikirie."

Upande wa pili wa jiwe, kwenye baraza ya ofisi, Mama Kindole analima saruji. Huyu ni mjane, mwembamba, hana maneno mengi. Kando yake kuna chungu cha maharage juu ya mafiga. Kuku wake wamekaa kwenye bustani ya maua ya ofisi, wananitazama kwa jicho moja moja, lile nililotia tone.

"Mama, shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nalima kwangu." Jembe linagonga saruji, linaruka. "Shamba langu linaanzia kwenye jiwe, na jiwe limekuja huku. Ulipokuwa darajani, nililima daraja. Maharage yakikaribia kuiva tu, tunahama." Anajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Nyumba yangu sasa iko kwa Ngogo. Kaburi la baba watoto liko kwa Ngogo. Wewe msomi, liambie jiwe litulie."

Hilo la kaburi liliniuma. Liliniuma hata ndani ya usingizi.

Nainama kulitoa jiwe. Ndipo naliona tatizo. Pikipiki iko juu yake. Nikilivuta, pikipiki inaanguka. Nikiishika pikipiki, mikono haifiki chini. Nikitaka kuipanda niondoke, kichuguu kimebaki Idunda. Naiomba stendi ijikunje kidogo tu. Inasema imepumzika.

Ninaposimama, kata nzima imeshafika. Wamekuja na vigoda na madumu ya pombe ya ulanzi, wamekaa kwa mistari, wafupi mbele.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," ananiambia fundi cherehani kutoka mstari wa kwanza.

"Nimeshainama. Tatizo si kuinama. Njoo unishikie."

"Tungependa, Dokta. Lakini imeandikwa."

Ananionyesha tanki la mafuta. Ni kweli, ofisi iliandika pale kwa rangi nyeupe: ISIGUSWE NA ASIYE MTUMISHI. Nikiwa macho, hakuna aliyewahi kuyajali maneno yale, hata mbwa. Ndotoni sheria ni sheria. Fundi ananyosha mkono kujaribu; mkono unatoka begani, unaingia ofisini peke yake kuomba kazi, unaambiwa nafasi zimejaa, unarudi. Anaupokea bila kinyongo.

Baraza la ardhi linakutana hapohapo. Wajumbe ni kuku. Mwenyekiti ni tetea wa madoadoa, anaruka na kutua juu ya tanki. Si mtumishi, lakini mwenyekiti haulizwi.

"Shikamoo, mheshimiwa," nasema.

"Marahaba. Ndiye huyu aliyetutia tone jichoni?"

"Ndiye," wanajibu wajumbe.

"Liliwasha?"

"Liliwasha."

"Tangu hapo tunaona vizuri," anasema mwenyekiti. "Na tunachoona ni kwamba jiwe la watu liko chini ya pikipiki. Pikipiki ianguke."

"Haiwezi kuanguka hapa, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

Natafuta sababu ya kitaalamu. Nataja kioo. Nataja mkono wa klachi. Nasema petroli itamwagika iharibu maua. Kuku wananisikiliza kwa jicho moja. Nikiishiwa, nasema ukweli.

"Watanicheka."

"Mficha uchi hazai," anasema mwenyekiti, na kwa kutoa mfano anataga papo hapo, juu ya tanki.

Mzee Ngogo anaomba kuchangia. Anavua kofia. Anasema nisihangaike. Nikiliacha jiwe lilipo, yeye atanijengea sakafu ya saruji kila mji nitakaofika, iliyo sawa kama meza, yenye ngazi ya kupandia na paa la bati. Pikipiki haitaanguka maisha yangu yote. Ninachotakiwa kufanya ni kutofanya kitu.

Akisema tu, zinatokea. Sakafu moja baada ya nyingine, kavu, zinameta, kutoka Idunda mpaka mlima wa mwisho. Niseme nini? Nilizitamani. Niliona stendi zote za maisha yangu zimesimama pale, hakuna inayozama, na mimi nashuka taratibu kama mke wa waziri. Nilizihesabu kwa muda mrefu mno. Watu wakamaliza dumu moja, wakafungua jingine.

Mama Kindole anaweka jembe chini. Hanilaumu, hata hanitazami. Anaondoa kuni, anaepua chungu, anajitwika kichwani. Anainama, anayafunga mafiga yote kwenye kanga.

"Dokta akishaamua," anawaambia kuku, "mnijulishe nielekee wapi. Sitaki maharage yalale mabichi tena."

Ameshazoea. Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu mzima, moto wake bado unafuka, na ameshazoea.

Naweka bega kwenye kiti cha pikipiki, nasukuma.

Inaanguka kulia. Inaanguka polepole sana. Watu wanapata nafasi ya kuitana, na waliokwenda kuchimba dawa wanasubiriwa. Mwenyekiti anashuka na yai lake. Stendi inabaki hewani, inatangaza kwa sauti kwamba yenyewe haimo. Kisha kioo kinatua, kinafuata kishikio, kinafuata taa, na honi inaanza kulia bila kubonyezwa.

Kata inacheka. Wanacheka waliosimama mpaka wanakaa, na waliokaa mpaka wanalala. Fundi anacheka mpaka mkono unatoka tena. Mzee Ngogo anacheka, ingawa sakafu zake zinafutika moja moja. Mimi nasubiri kufa. Nasubiri kwa dhati, nimefumba macho. Sifi. Nafumbua jicho moja, kama kuku, naiona pikipiki imelala ubavu na matairi yake yenye meno, na nasikia sauti nyingine inacheka karibu yangu. Ni yangu.

Najitwika jiwe, naondoka.

Kila ninapokanyaga, mahindi yanatangulia mbele yangu kurudi kwao, kama ng'ombe jioni. Ofisi inarudishiwa uwanja. Daraja linarudi kuwa daraja. Mzee Ngogo anafuata nyuma, jembe begani, halafu anasema, si kwangu hasa, "Lakini kupalilia mpaka Tukuyu nako kungekuwa kazi."

Tunafika bondeni. Shimo la jiwe lipo, wazi, na chura amekaa ndani akishika nafasi.

"Umechelewa," ananiambia, anatoka.

Naliteremsha jiwe. Nashindilia udongo kwa mikono, pande zote, mpaka halitikisiki. Nyuma yangu Mama Kindole anapanga mafiga, anapuliza moto. Nasikia chungu kikianza kutokota. Nageuka nimwombe radhi, nikaamka.

Jua lilikuwa limetoka. Nikatoka uani na kanga moja. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu wa kulia kwenye tope, tanki lina mkwaruzo mpya. Chini ya stendi hapakuwa na jiwe.

Nikasimama pale. Jana kweli nilikuwa Idunda. Jana kweli niliokota jiwe pembeni ya kinyungu, bapa, zuri, nikalitia kwenye begi, jioni nikalitandika hapa uani chini ya stendi, na wala sikujiuliza ni la nani.

Siku nyingine ningeihangaikia ile pikipiki peke yangu kabla jirani hajafungua dirisha, na ningeshindwa, ningesema nimeilaza ili ikauke. Leo nikapaza sauti.

"Mwalimu Yusta! Njoo unishikie. Imeanguka!"

Mwalimu Yusta akatoka na mswaki mdomoni. Alipoiona akacheka mpaka akashika ukuta, akatema povu, akacheka tena. Kisha akavuka ua, akashika usukani upande wake, nami nikashika kiti. Tulipoinama kuinua, macho yake yakaangukia mikono yangu.

"Dokta, ulikwenda vinyunguni asubuhi yote hii?"

Nikatazama. Kucha zangu zote zilikuwa zimejaa udongo mweusi wa bondeni, bado mbichi. Huku juu tunakokaa, udongo ni mwekundu.

"Nilikwenda kurudisha kitu cha watu," nikamwambia. "Inua upande huo."