Maneno ya Kizimbani

Kila alasiri, akishamaliza kupiga pasi mashuka ya hoteli, dobi alivua aproni, akanawa uso na kwenda kujifunza Kiingereza kwa mpiga chapa mstaafu wa mahakama. Hakutaka salamu wala habari za hali ya hewa. Alitaka maneno ya kesi tu, na alikuwa na wiki tatu.

Mume wake, mlinzi wa ghala, alikuwa rumande kwa wizi wa nyaya ambazo hata rangi yake hakuijua. Mkalimani wa mahakama ile kazi yake ilikuwa ushahidi peke yake. Shahidi wa mwisho akishashuka, yeye hukunja miwani akaenda zake, na hukumu husomwa kwa Kiingereza huku mshtakiwa akiangalia midomo.

"Usiniache nisimame pale kama gogo," mume alimwambia kwenye dirisha la rumande. "Wakisema, niambie."

Neno la kwanza, lile la dhamana, lilimfuata nyumbani Jumatatu. Lilikuwa jembamba, limevaa koti la kuazima, likakaa kwenye stuli karibu na mlango. Jumanne likaja la ushahidi, nene, lenye kikohozi. La hatia lilifika Alhamisi likiwa nadhifu kupita yote, likachagua kiti cha mume bila kuuliza. Wifi yake alipokuja kumjulia hali alikosa pa kukaa.

"Hao nani tena?"

"Maneno ya kaka yako. Sukuma kidogo hilo la rufaa, ukae."

Wifi akasukuma, akakaa, akalalamika kwamba lina viwiko vikali.

La kuachiwa huru ndilo lililomsumbua. Alilirudia akipiga pasi, akalitamka hata usingizini, mpaka mwalimu akamsifu. Lakini lilikomea uani, kwenye kamba ya nguo, likipepea polepole pamoja na mashuka. Alilibembeleza kama mtoto aliyesusa chakula. Aliogopa sana, na hakumficha wifi yake.

Siku ya hukumu alitembea nayo yote hadi mahakamani. Yakajipanga kwenye benchi la nyuma, na askari akayahesabu pamoja na watu. Lile la uani nalo lilikuja, likakaa mapajani pake, jepesi, likinukia jua.

Hakimu akaanza kusoma. Kila alipotaja neno, lenyewe liliinuka, likapita katikati ya mabenchi na kusimama mbele ya meza yake. Likaenda la ushahidi. Likaenda la hatia, bila haraka, likijinyoosha kola. La mapajani halikutajwa. Dobi aliendelea kulishika kwa mikono miwili.

Kisha hakimu akamtazama mshtakiwa na kuuliza jambo, kwa Kiingereza kilekile. Mlinzi akaangalia midomo. Dobi akasimama.

"Mama, kaa," alisema karani. "Wewe si mkalimani."

"Mkalimani ameshaondoka."

"Najua. Kaa."

Karani akaandika kwamba mshtakiwa hana la kusema. Hakimu akataja miaka minne, akafunga jalada, na maneno aliyoyataja yakamfuata ofisini kwake kwa mstari.

Askari walimpitisha mlinzi karibu na benchi la mkewe.

"Kuna kitu wameniuliza?"

"Wamekuuliza kama una la kusema."

Akalifikiria hilo mpaka mlangoni.

"Ninalo," alisema, na mlango ukafungwa.