Ganda la Thelathini na Moja

...ya nne, ya tano, Salvator anazitia risasi kwenye silinda ya ile bastola kubwa bila haraka, kila moja anaisukuma kwa kidole gumba, na Ruphin anatazama vichwa alivyovipaka mwenyewe rangi ya kijani vikizama na kujiuliza lile ganda la thelathini na moja alilitia baruti mara moja au mara mbili, maana mkono wa kipimo cha baruti aliuvuta, hilo anakumbuka, ila aliuvuta kabla ya simu au baada ya simu, au kabla na baada... mama mkwe naye, miezi miwili kimya huko Bukavu halafu anapiga saa nne asubuhi, siku ya majaribio, na nani azungumze na mama mkwe akiwa ameketi, Ruphin akasimama, akavua kofia, akatoka mpaka uani, "Jambo mama, tuko, Mungu anasaidia, binti yako Victoire eko muzima," dakika kumi na moja ameinama kana kwamba yule mama anamwona, akarudi mezani na tabasamu la ukweni bado usoni, akaendelea kujaza maganda, thelathini na mbili, thelathini na tatu... na tochi? Kila siku humulika ndani ya maganda yote hamsini kabla ya kuyafunga kwa vichwa, hata bosi humtania, daktari wa meno huyo, na leo tochi imelala mfukoni, anaisikia pajani. "Bro, rangi yako leo iko sharp," anasema Salvator, na Mrundi huyu hasifu ovyo, wiki tatu amezicheka risasi za Ruphin zilizobanduka rangi na kuacha madini yake yameganda ndani ya mtutu, leo wamegonga vichwa vitupu kwa nyundo na rangi imeshika, na bosi amekuja kujionea, amekaa kule nyuma na chai yake, bosi aliyemfukuza mwenzao Gustave kwa kosa la namna hii kabla hata ya chakula cha mchana... sema basi, useme nini, kwamba zote hamsini zivunjwe kwa ajili ya simu ya ukweni, mficha uchi hazai, sawa, lakini anayeuonyesha atapata wapi kazi nyingine Joburg hii na karatasi za ukimbizi, na silinda inachukua sita tu kati ya hamsini, bahati mbaya gani hiyo, pengine aliuvuta mara moja, ana hakika, karibu ana hakika... eish, ganda refu lile, linameza baruti mara mbili na nafasi inabaki, halisemi kitu mpaka bastola impasukie mtu mkononi, na mkono wenyewe ni huu wa Salvator, unaopiga ngoma kanisani kila Jumapili, uliombeba Kelly, mtoto wa Ruphin, mpaka hospitali mwaka jana alipokuwa na homa. "Mbona leo uko mbali?" anauliza Salvator bila kugeuka, "si unasimamaka hapa karibu yangu?" na hapo Ruphin anajiona, nguzo ya zege iko mbele yake, bega limejibanza nyuma yake, hakumbuki kuja hapa, hakuna aliyemtuma, kichwa bado kinabishana na miguu ilishajua, ilijua ikajificha, ikamwacha Salvator peke yake pale mbele, na aibu inampanda mpaka masikio yanawaka. Risasi ya sita bado iko kati ya vidole vya Salvator. Ruphin anatoka nyuma ya nguzo, anavua kofia. "Salva, ndugu yangu," anasema, kwa sauti ya kumfikia na bosi, "weka chini. Sikumulika."