Chuma kwenye Mihogo ya Mama Matrida

Watu wa kanisa lile la Bweri wakikuonyesha jengo lao, kitu cha kwanza wanachokutajia ni mwamba. Walikataa kiwanja kizuri cha udongo kule chini, wakajenga juu ya jiwe tupu kwa sababu Maandiko yanasema hivyo, na mpaka leo wanakusimulia kwa majivuno. Mimi ni fundi wa umeme na vyombo vya muziki. Ijumaa ile, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya rafu mpya ya chuma, niliuchukia mwamba ule kwa moyo wangu wote.

Kazi yenyewe ilikuwa imekwenda vizuri. Amplifaya ilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la pili, kwa hiyo niliifunga chini kabisa, skrubu nne mbele na vishikio viwili nyuma. Juu yake nikafunga miksa, katikati nikaacha nafasi ya kupitisha hewa. Nyaya za spika nilizifunga kabla sijachomeka chochote ukutani, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, bila hata uzi mmoja wa shaba kuchomoza. Nikashusha sauti zote, nikawasha. Kisha nikagusisha bisibisi yangu ya testa kwenye bati la rafu. Taa ndogo iliyo ndani yake ikawaka.

Bati halitakiwi kuiwasha testa. Nikazima haraka, nikaufuata waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja kabla haujampata mtu. Ulipita ukutani, ukashuka nje, ukaishia kwenye kipande cha nondo kisichozidi urefu wa penseli, kilichochomekwa kwenye ufa wa mwamba na kuzibwa kwa saruji. Fundi aliyenitangulia aligonga jiwe, akachoka, akakata chuma, akaenda zake.

"Lakini inalia?" Mchungaji Bernado aliniuliza.

"Inalia."

"Basi, Fundi Hilda. Jumapili ni uzinduzi, wageni wanatoka mpaka Butiama. Hiyo ya chini utamalizia wiki ijayo."

"Mchungaji, Jumapili maiki ya kwanza anashika nani?"

"Si mdogo wako, Jastin."

"Basi haiwashwi."

Nilimjibu vibaya, najua. Lakini sikuwa na namna nyingine ya kumjibu. Jastin ndiye kiongozi wa kwaya, na zamani alikuwa mpiga gitaa ambaye watu walimfuata kwa miguu. Miaka sita iliyopita, kwenye harusi moja Bunda, alikuwa ameshika gitaa la kuazima, midomo ikagusa maiki, umeme ukamrusha. Alipona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka tena. Gitaa lilikuwa la rafiki yake Felisiani wa Kiabakari, aliyelitoa kwa kusitasita, na Jastin akaamini kwamba Felisiani alilifanyia kitu kwa wivu. Tangu siku ile hajampa hata salamu. Mimi nilijua kilichotokea, na nilikuwa nimenyamaza.

Udongo wa karibu ulikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa, kwenye mihogo ya Mama Matrida, mjane ambaye alishakwenda kwa mtendaji mara mbili kulalamikia kelele za kanisa. Nikachukua fimbo yangu ya ethi, chuma kilichopakwa shaba, urefu mita moja na nusu. Jastin alikuwa ndiyo kwanza anafika kwa mazoezi. Akabeba nyundo kubwa, akanifuata.

"Mnakuja kuzika nini kwangu?" Mama Matrida alituzuia kwa jembe. "Mchana kweupe! Wachawi wa zamani walikuwaga na aibu, walingojaga giza."

"Shikamoo, mama. Si uchawi. Ni chuma cha kupeleka umeme kwenye udongo."

"Umeme wenu uende kwenye udongo wenu."

"Hatuna udongo, mama. Tuna mwamba."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. "Huo mwamba mnausifuga kila Jumapili, nausikia mpaka kitandani. Leo mnataka udongo wa Matrida!" Kisha akaacha kucheka. "Mtu haziki chuma kwangu bila kunipa kisa chake. Chote. La sivyo rudi nacho."

Ningeweza kumpa maelezo ya kitabuni, na nadhani angeyakataa. Jastin alikuwa nyuma yangu, nyundo begani, vidole viwili vimepinda kwenye mpini. Nilijua nikisema, nawaambia wote wawili.

"Uone mkono wa huyu mdogo wangu, mama. Kwenye harusi moja Bunda fundi nilikuwa mimi, spika zikawa zinanguruma. Nikachukua plaizi, nikakata waya wa ethi. Ngurumo ikaisha, watu wakanipigia makofi. Umeme uliokuwa unavuja ukakosa njia ya kwenda ardhini, ukapita kwake. Lile gitaa halikuwa na kitu. Felisiani hakufanya kitu. Ni mimi."

Jastin aliitua nyundo chini, polepole.

"Felisiani alifiwa na mtoto," alisema. "Sikwenda msibani, dada. Jioni ile ya msiba ulikuwa umepika. Ukanipakulia."

"Nilikupakulia."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Mama Matrida alitutazama mmoja mmoja. Halafu akaelekeza jembe lake katikati ya matuta mawili. "Pigeni pale. Maji ya jikoni yanapitaga hapo, udongo haukaukagi. Na ile spika ya dirishani igeuze iwatazame wenyewe."

"Naigeuza leo hii, mama."

Jastin alipiga nyundo, na mimi niliishika ile fimbo wima kwa koleo refu, nikijua kila pigo lilikuwa na hasira ndani yake. Halali yake. Chuma kilipobaki shubiri moja juu, nikafunga waya kwa kibano, nikaupitisha kwenye bomba chini ya minyaa mpaka kanisani. Nikafunga breka inayokata umeme unapovuja, nikaijaribu mara tatu, ikakata mara tatu. Nikawasha amplifaya. Testa kwenye bati, giza. Mita yangu ya kupimia umeme ikasoma sifuri.

"Jastin, jaribu maiki," Mchungaji alisema kwa furaha.

"Ajaribu yeye," Jastin alijibu, akinionyesha mimi.

Kina mama walikuwa wamedeki, sakafu bado mbichi. Nikavua viatu. Nikashika rafu kwa mkono wa kushoto, maiki kwa mkono wa kulia, nikaigusisha midomoni. Namba zilikuwa zimeshaniambia ni salama.

"Moja. Mbili."

Sikusikia kitu mwilini. Sauti yangu ilijaa kanisa zima.

Nilipogeuka kumtafuta Jastin, alikuwa mlangoni, simu sikioni. Akaja mpaka mbele yangu, akaninyooshea ile simu. Kwenye kioo niliona jina la Felisiani na sekunde zinazohesabu.

"Mwambie mwenyewe," alisema.

Nikaipokea, nikiwa bado pekupeku.