Aiskrimu ya Serikali

Gari la aiskrimu lilikata kona na kuingia Mtaa wa Hemlock likiimba kama kinanda kilichomeza senti. Lilikuwa la buluu, limechorwa nembo ya polisi ubavuni, na juu ya paa lake koni kubwa ya plastiki ilisimama wima mfano wa mnara wa kanisa la watu wasioamini kitu. Chini ya nembo paliandikwa kwa herufi za dhahabu: KITENGO CHA HUDUMA KWA JAMII, POLISI WA DUSKIN. Kwenye kidirisha alikuwamo askari kijana mwenye mashavu mekundu, fulana ya kuzuia risasi kifuani, bastola kiunoni, kijiko cha aiskrimu mkononi.

Luvenia Pettway, aliyekuwa kibarazani kwake akimenya viazi vya saladi, alisimamisha kisu hewani.

"Verlene!" alimwita jirani yake wa ng'ambo ya ua. "Njoo uone. Njoo kabla sijafa, nisije nikasimulia huko mbele nikakosa shahidi."

Bi Verlene Tubbs alitoka na vikunjio vya nywele kichwani. Akatazama, akatazama tena.

"Hilo ndilo lile gari lenu la nesi?"

"Ndilo hilo."

"Nesi yuko wapi?"

"Ameyeyuka."

Majira ya baridi yaliyopita, mji mzima wa Duskin uligombana kuhusu fedha za polisi kama ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu. Kambi moja ilitaka polisi wanyang'anywe kila kitu hadi vifungo vya makoti. Kambi ya pili iliapa kwamba wakipunguziwa hata bei ya kahawa, kesho yake asubuhi majambazi watakuwa jikoni kwetu wakijikaangia mayai. Walikutana katika ukumbi wa Baraza la Mji, ambako kila msemaji hupewa dakika mbili na taa. Taa ya kijani, sema. Ya njano, jiandae. Ya nyekundu, kipaza sauti kinakufa chenyewe, hata kama uko katikati ya kulitaja jina la Mungu.

Luvenia hakuwa wa kambi yoyote. Alikuwa ameongoza kwaya ya Kanisa la Mlima Nebo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alijua kubana jambo kubwa ndani ya wakati mdogo. Aliomba kitu kimoja: gari lenye nesi na mtu aliyefundishwa kuzungumza na waliochafukwa na akili, wasio na bunduki, watakaofika wakiitwa.

Aliomba kwa ajili ya Cordell. Mwanawe huyo wa pekee alikuwa na ugonjwa uliohamia kichwani mwake ujanani kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyefukuzika. Akimeza dawa, hakuna mtu mpole kuliko yeye. Asipomeza, huenda njia panda akayaongoza magari kama kwaya: haya sauti ya kwanza, yale besi, nyie wa lori ngojeni zamu yenu. Mwaka uliotangulia polisi walimkuta huko, wakamlaza juu ya lami ya moto, na akarudi nyumbani na mkono ndani ya plasta. Wakati huo hakuwa ameshika kitu. Luvenia aliamka kila siku akijiuliza itakuwaje siku atakapokuwa ameshika.

Baraza lilikubali. Diwani Prentiss Goodloe, mtu mwenye meno meupe kiasi cha kuweza kusomea gazeti gizani, alilia kwa jicho moja, lile lililoelekea kamera. Fedha zikaondolewa polisi, watu wakakumbatiana, na vijana wa maandamano wenye vipaza sauti mkononi, waliohamia mtaani juzi kwa sababu ya kodi nafuu, wakamweleza Luvenia maana ya uonevu. Alionewa kabla mama zao hawajazaliwa, lakini aliwasikiliza, maana walikuwa wamekanyaga maua yake na hakutaka wayakanyage wakati wa kuondoka pia.

Kisha kamati ikakaa. Fedha, ikasema kamati, sharti ziende kwa kitengo chenye uzoefu wa huduma kwa jamii. Kitengo chenye jina hilo kilikuwa kimoja tu katika Duskin nzima, nacho kilikuwa cha polisi, kimeundwa wiki moja tu kabla. Basi fedha zikatoka kwa mlango wa mbele wa kituo, zikazunguka jengo, zikavua kofia, zikaingia kwa mlango wa nyuma. Zilirudi zikiwa na ladha ya vanila.

Tangu hapo Luvenia aliutazama mji wake kama mtu anavyoutazama unywele ndani ya supu. Alimdharau Goodloe, akamdharau Mkuu wa Polisi Haldane, akawadharau wale vijana, akamdharau hata Verlene, aliyekuwa akisema, "Lakini gari langu likiibwa, nesi atanisaidia nini?" Aliwadharau wote kwa haki, bila upendeleo. Na zaidi ya wote alimdharau yule kijana wa kidirishani, Kosik, aliyempungia mkono kila Jumamosi akimuuliza kama anapenda stroberi.

"Napenda nesi," alimjibu.

Jumamosi moja ya Julai, Luvenia alikuwa uani akichoma mbavu za nguruwe. Hakujua kwamba Cordell alikuwa akivizika vidonge vyake kwenye chungu cha ua la dirishani. Hata hivyo angeweza kushuku, maana hapakuwa na ua tulivu kama lile katika jimbo zima la Ohio. Aliingia ndani kufuata mchuzi. Alipotoka, mbavu zilikuwa zinaungua, na uma mrefu wa kugeuzia nyama haukuwapo. Cordell naye hakuwapo.

Alikuwa njia panda, miguu mitupu, amevaa gauni la kuogea, uma juu. Basi la abiria na lori la saruji vilikuwa vimesimama mbele yake vikingoja zamu yao ya kuimba.

Verlene alikuwa tayari na simu sikioni. "Ndiyo, ana kitu mkononi! Sijui! Kitu kirefu chenye meno!"

"Verlene, kata hiyo simu!"

"Atagongwa, Luvenia! Nimpigie nani? Niambie wewe, nimpigie nani?"

Luvenia alifungua kinywa, akakosa jina la kumtajia. Akaanza kukimbia, ndara moja ikabaki nyuma.

Alitega sikio akingoja ving'ora. Badala yake akausikia ule wimbo wa kinanda. Gari la aiskrimu lilikuwa bustanini, hatua chache tu kutoka pale, na hakuna gari jingine lililokuwa karibu zaidi. Lilisimama upogo katikati ya barabara, likiendelea kuimba, na Kosik akaruka chini.

"Weka chini! Weka chini hicho!"

Cordell aligeuka, na uma ukageuka naye, meno yake yakimeta juani. Mkono wa kulia wa Kosik ukashuka kiunoni kasi, kama mkono uliofundishwa. Ukagonga ala ya bastola na kitu laini kikapondeka. Askari akatazama chini. Alikuwa ameshika koni ya vanila. Alikuwa akimhudumia mtu redio ilipoita, akaruka na ile koni. Aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Wimbo wa gari ukafika mwisho, ukakohoa, ukaanza upya. Cordell akainua uma, akaanza kuuongoza wimbo.

Hapo Luvenia akafanya jambo pekee alilolijua. Aliingia barabarani polepole, mguu mmoja na ndara, mmoja bila, akiushika ule wimbo wa kipuuzi kwa sauti ya pili, kwa kuguna tu, kama walivyofanya wawili hao kanisani Cordell alipokuwa bado mwimbaji wa kusimama mbele. Cordell akampa ishara: vizuri, mama, usikimbilie. Wimbo ulipokwisha alifumba ngumi kuikata sauti, akainama kwa abiria wa basi, akampa mama yake uma. Kisha akamgeukia askari.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni... ni yako, bwana," alisema Kosik.

Cordell akaketi ukingoni mwa barabara akala kilichosalia. Dereva wa lori la saruji akapiga makofi.

Jioni Kosik alikuja mwenyewe, bila gari, bila sare. Cordell alikuwa amelala. Luvenia alikuwa na maneno tayari, maneno ya kubandua rangi ukutani, lakini kijana aliketi kwenye ngazi kabla ya kukaribishwa.

"Mama," alisema, "mimi natumia mkono wa kulia."

"Na mimi nifanyeje?"

"Nilisahau kwamba nimeshika koni. Ningekumbuka, ningeitupa."

Yale maneno ya Luvenia yalitafuta mlango yasiuone. Mwishowe aliingia ndani akarudi na sahani ya mbavu.

"Kula. Zimeungua, lakini ni kosa lenu."

Siku chache baadaye, Diwani Goodloe alifika na meno yake. Kumbe abiria wa basi alikuwa amepiga video, na nchi nzima ilikuwa ikiitazama ikijifuta machozi.

"Dada Luvenia! Umetuokoa! Alhamisi tunapiga kura. Wapo wanaotaka turudi kwenye lile gari la nesi, na wapo wanaotaka gari la pili la aiskrimu. Hili la pili litakuwa na muziki mkubwa zaidi! Njoo utumie dakika zako mbili. Waambie tu kilichotokea."

"Nitawaambia kilichotokea," alisema Luvenia, kwa upole ambao mtu mwenye busara zaidi angeuogopa.

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Walionyesha ile video, wakashangilia. Mkuu Haldane aliketi mbele na Kosik kando yake, sare imepigwa pasi hadi inakata. Luvenia alisubiri zamu yake akiinoa dharau yake. Alikuwa amemwandalia kila mmoja kijiko chake: Goodloe, Haldane, na huyo mwokozi wa vanila. Kisha akamwona kijana vizuri. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia, ameusukuma chini ya paja, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu dukani.

Alipofika kwenye kipaza sauti, hotuba yote ilikuwa imemtoka. Taa ikawaka kijani.

"Kijana Kosik. Simama."

"Mama, unazungumza na Baraza," alisema Haldane.

"Na Baraza nimeshazungumza, hadi viti vinanijua. Kosik, mwanangu, siku ile, ile koni uliishika kwa mkono gani?"

Ukumbi ukacheka. Goodloe akacheka kuliko wote. Kosik hakucheka. Alisimama.

"Wa kulia, mama."

"Na kama mkono huo ungekuwa mtupu?"

Taa ikageuka njano. Kicheko kikaisha kwa vipande, huku na huku, hadi kikabaki cha Goodloe peke yake, kisha nacho kikajisikia na kunyamaza. Haldane aliishika sare ya kijana kwenye kiwiko, akaivuta kidogo kuelekea kitini. Kosik alikuwa anamtazama Cordell, aliyekuwa safu ya mbele ndani ya suti yake ya Jumapili, kidole kikipigapiga goti taratibu.

Taa ikawa nyekundu. Kipaza sauti kikafa.

Luvenia hakuondoka. Alikunja mikono akamngoja, kama alivyozoea kumngoja mwimbaji mgeni aliyesahau pa kuingilia. Mbele yake, Cordell aliinua kidole juu, ile ishara anayoijua kila aliyewahi kuimba Mlima Nebo: vuteni pumzi.

Kosik akavuta pumzi.