Mtoto wa Mkwezi na Mwaka wa Wafalme Watatu

Mwaka 1936 Waingereza walikuwa na wafalme watatu, na mtoto wa jirani yangu Bakari alipewa majina matatu kabla ya kupata lake. Ya wafalme yameandikwa vitabuni. Haya ya mtoto nayaandika mie, maana nilikuwapo, na maana mama wa mtoto yule hakuna gazeti litakalomwandika.

Nilikuwa nimemzika mume wangu mwaka uliotangulia, nikabaki Temeke katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na rozari yangu na karai langu la kukaangia mihogo. Temeke ya siku zile ilikuwa minazi na mikorosho, nyumba moja huku, nyingine kule. Majirani zangu walikuwa Wazaramo, Waislamu. Mie Rosalia, Mama Albano kwa majirani, ni Mmwera, nilisomeshwa na masista hadi darasa la nne, na kusoma huko kidogo kulinipa kazi: shemeji yangu Polikarpo, kuli wa bandarini, alikuwa akiniletea gazeti kila alipolipata, nami nikiwasomea majirani alasiri, wao wakisuka makuti.

Hakuna aliyesikiliza kama Bakari. Alikuwa mkwezi wa minazi, hajui herufi hata moja, lakini habari za dunia alizipenda kama wengine wapendavyo tumbaku. Akiniona nimekunjua gazeti, alishuka mnazi nazi hajazimaliza.

"Mama Albano, leo wamesemaje huko?"

Mkewe Chausiku alijifungua mtoto wa kiume Januari, wiki ile ile bendera za mjini ziliposhushwa nusu mlingoti kwa sababu mfalme mzee amekufa na mwanawe amekalia kiti. Bakari hakufikiri mara mbili. Akamwita mtoto Mfaume, ndiyo mfalme kwa usemi wa pwani.

"Kazaliwa na mfalme mpya," alisema. "Nyota zao moja."

Lakini mtoto hakunawiri. Leo anacheka, kesho mwili moto, macho yamemzama. Mama yake Bakari, Bibi Somoe, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile, na neno lake halikurudishwa. Alimtazama mjukuu wake akasema jina limemkataa.

Niwaeleze wasiojua. Kwao mtoto mchanga akiugua mara kwa mara, husemwa jina lake halimkai. Hutafutwa jingine, la babu au la mtu wa sifa. Likishindikana nalo, mwisho ni kumwekea titi: mama humpa mtoto ziwa, watu huita majina, na jina litakalotajwa pale mtoto anapolishika titi ndilo lake hadi kaburini. Halitenguliwi. Na Bibi Somoe alikuwa na sharti moja zaidi, alilolirithi kwa mama yake: mtoto ambaye jina lake halijatulia havushwi maji. Sasa kutoka kwetu kwenda hospitali mjini lazima uvuke kijito. Kwa hiyo hospitali ilikuwa haramu.

Mwezi wa Mei zikaja habari za Habeshi. Waitaliano wameingia mji mkuu na ndege zao na moshi wao wa sumu, na mfalme wa Habeshi ametoka nchini mwake. Jirani mmoja akaacha kusuka. Baadaye tukasikia amesimama mbele ya mataifa huko Ulaya, mtu asiye na nchi wala askari, akawaambia usoni kwamba leo ni sisi, kesho ni nyinyi. Nilisoma kipande kile mara mbili, nikaona machozi yananijia.

Bakari alisimama. "Huyo ndiye mwanamume! Kunyang'anywa kila kitu, ukabaki na ulimi wako, na bado ukautumia! Mtoto wangu ni Habeshi kuanzia leo."

Chausiku aliinua uso kwenye makuti yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, si mpole wa moyo. "Kwa hiyo si Baba Mfaume tena? Nikuite Baba Habeshi?"

"Niite hivyo."

"Haya. Nikisahau unikumbushe."

Habeshi akapata nafuu kidogo, kisha homa ikarudi kali kuliko kwanza. Agosti ikaja, na gazeti likaja na habari za Berlini, za michezo ya mataifa yote. Yule mtawala wa Wajerumani alikuwa ameandaa sherehe aonyeshe kuwa watu wa rangi yake ndio bora. Akatokea kijana mweusi wa Amerika, jina lake Owens, mjukuu wa watumwa, akawashinda wote mbio na kuruka, akatuzwa medali nne za dhahabu. Wazee wetu waliowajua Wajerumani na kiboko chao walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mmoja alinipokonya gazeti akalibusu, ingawa upande alioubusu ulikuwa na tangazo la sabuni.

"Owensi!" Bakari alipiga kelele. "Owensi bin Bakari!"

Bibi Somoe alikunja pua. "Jina gani hilo, kama mtu anayepiga chafya?"

"Mama, ni mtu mwenye mbio kuliko binadamu wote. Homa itamkamatia wapi?"

Na Chausiku, bila kuinua uso: "Nikuite baba nani leo?"

Watu walicheka. Mie sikucheka sana, maana nilimwona anavyomshika yule mtoto. Mkono wake mmoja haukutoka kwenye paji la uso la mwanawe.

Tangu Juni nilikuwa nimeona jambo. Mara moja kwa wiki, asubuhi, Chausiku aliaga anakwenda mjini kuuza makuti. Mzigo kichwani, mtoto mgongoni amefunikwa kanga gubigubi. Adhuhuri anarudi. Mie mjane, kazi yangu kukaa barazani na karai langu, nakiona kila kinachopita. Siku moja nikamwita.

"Chausiku, biashara vipi?"

"Si mbaya, da Rosalia."

"Mbona makuti uliyoondoka nayo ndiyo uliyorudi nayo? Hata kamba ni ile ile."

Alisimama. Akatazama nyumbani kwake, akanitazama mie. Kisha akafungua pindo la kanga yake. Mlikuwa na kijikaratasi, na ndani yake vidonge vyeupe. Kwinini.

"Mama mkwe akijua, atasema nimemuua mjukuu wake kwa kumvusha maji," alisema. "Mume wangu naye atasema nimemharibia jina."

"Na wewe unasemaje?"

"Mie nasema mtoto ana homa."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, ya mapadre waliosoma hadi Roma. Machache yameniingia kama maneno yale matano. Nikamuuliza anavyomnywesha. Akasema anaviponda kwa kijiwe, anachanganya na maji ya muwa, anampa alfajiri nyuma ya nyumba wakati mkwewe yuko kwenye uradi wake wa baada ya sala. Mtoto hutema nusu. Daktari amesema bandama limevimba, asiache hata wiki moja.

Wiki iliyofuata nilizima moto wa mihogo. Nilibeba makuti mie, yeye akabeba mtoto. Mchanga ulituunguza nyayo. Tulipofika kijitoni alisita, akamfunika mtoto uso asiyaone maji. Kumbe na yeye aliliogopa lile sharti. Alikuwa akiliogopa kila wiki, na kila wiki akivuka. Nilisema Salamu Maria kimoyomoyo, yeye akasema Bismillahi, tukapita.

Oktoba homa ikampanda vibaya. Siku ya pili mtoto alikataa kunyonya kabisa. Alilegea mikononi kama kitambaa kilicholowa. Bibi Somoe akasema sasa basi, leo anawekewa titi, na likishindikana hilo tumwachie Mwenyezi Mungu. Bakari hakupanda mnazi siku ile. Alikaa chini kizingitini, panga lake miguuni.

Tulikusanyika uani baada ya sala ya alasiri. Chausiku aliketi mkekani, mtoto kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu; alikuwa hajalala. Bibi Somoe akaanza kuita wazee wao waliotangulia, mmoja mmoja, pole pole, kama mtu anayebisha hodi.

"Kondo... Mwinshehe... Mwenegoha..."

Mtoto aligeuza uso.

Bakari akajongea. "Mfaume!" Akangoja. "Habeshi! Wewe Habeshi, baba!" Akangoja. "Owensi!"

Hata kidogo.

Polikarpo alikuwa amesimama mlangoni, gazeti kwapani. Yeye akiogopa hufanya mzaha, ndivyo alivyoumbwa. "Mwite Mussolini," alisema. "Huyo humeza kila kilicho mbele yake."

"Polikarpo, usiniletee laana uani kwangu!" Bakari alifoka.

"Nisamehe, bwana. Ulimi."

Bibi Somoe akaanza upya, akaita hata majina ya wajomba. Jua liliteremka kwenye minazi. Chausiku alikuwa amechoka. Nilimwona anayumba, anajikaza, anayumba tena, lakini mtoto hakumshusha. Bakari naye akaona. Akasahau majina ya dunia yote. Alipiga magoti nyuma ya mkewe, akampa kifua chake autulize mgongo.

"Chausiku," alisema kwa sauti ya chini, "niegemee mie."

Mtoto akalishika titi.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alinyonya kwa pupa, akipumua kwa pua. Chausiku alifumba macho na machozi yakamdondokea mtoto kichwani.

"Nani kataja?" Bibi Somoe aliuliza.

Tulitazamana.

"Nimeuliza, nani kataja jina?"

"Mie, mama," Bakari alisema. "Lakini sikumtajia mtoto. Nilikuwa nasema na mke wangu."

"Ukamwitaje?"

"Chausiku."

Polikarpo alijishika mdomo, lakini kicheko kikampenya vidoleni. "Yesu na Maria! Dume linaitwa Chausiku!"

"Mama, turudie," Bakari alisema. "Hilo jina la kike."

"Hairudiwi."

"Watoto wenzake watamla mzima!"

"Nikisema halitenguliwi ulidhani natania? Mtoto kachagua mwenyewe. Ulimletea wafalme, ukamletea na wakimbiaji. Hakuwataka."

Kisha Bibi Somoe aliinama kumpangusa mjukuu wake kidomo. Kwenye kona ya mdomo palikuwa na weupe kidogo, umekauka. Aliugusa kwa kidole, akakilamba. Uso ukamkunjamana. Chausiku alifumbua macho, akamkumbatia mtoto. Mie nilijifanya nachochea moto, na moto wenyewe haukuwapo.

Yule bibi alikaa na uchungu ule wa kwinini ulimini. Alimtazama mkwewe, akatazama nyayo zake zilizopasuka kwa mchanga wa njia ndefu.

"Jina limetulia," alisema. "Tangu leo mtoto anaweza kuvushwa maji. Chausiku, mwanangu, kesho mpeleke hospitali. Makuti nitayabeba mie."

"Ndiyo, mama," alisema Chausiku.

Hapakusemwa zaidi ya hapo, wala siku ile wala baadaye. Nimeishi na watu wengi. Sijaona wanawake wawili wakisameheana kwa maneno machache kiasi kile.

Mtoto akapona taratibu, akaota mashavu. Lakini Bakari hakuweza kumwita. Alikuwa akisema "huyu bwana", au anapiga mluzi. Kwa aibu aliacha hata kuja kusikiliza gazeti, akajifanya minazi imezidi.

Wiki moja hivi kabla ya Noeli, Polikarpo akaja mbio. Mfalme mpya ameacha ufalme! Nikasoma, na safari hii nilipaza sauti makusudi, maana Bakari alikuwa juu ya mnazi ulio karibu na baraza yangu. Nilisoma kwamba mfalme alimpenda mwanamke, wakubwa wakamkataa mwanamke yule, naye akaona bora akiache kiti kuliko kumwacha yeye. Nduguye ndiye mfalme sasa, wa tatu mwaka huo huo.

Ndoa ile sikuisifu, wala siisifu leo, mie Mkatoliki. Niliyasoma tu yalivyoandikwa.

Makuti ya mnazi yalitikisika. "Mama Albano! Ameacha ufalme wote?"

"Wote."

"Na wa Temeke?"

"Na wa Temeke, ndiyo."

"Kwa ajili ya mke?"

"Ndivyo walivyoandika."

Nazi moja ikaanguka. Kisha nikasikia Bakari anacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na akaita kutoka kule juu kwa sauti iliyofika hadi kisimani, watu wakageuza vichwa:

"Mfaume wa Chausiku! Wee, Mfaume wa Chausiku! Mwangalie baba yako alipo!"

Ndivyo tunavyomwita hadi leo, jina la titi limo ndani, mtu mzima mwenye ndevu, na hakuna aliyewahi kumcheka.

Chausiku alikuwa barazani kwake, anasuka, mtoto amelala mapajani. Hakuinua uso, ila nilimwona anatabasamu.

"Shuka, Baba Mfaume," alisema. "Uji unapoa."